Roboti au matundu ya kawaida? Barua zenu kuhusu tezi ya juu ya figo

Toleo lililopita niligusia kidogo tu presha inayoletwa na tezi za adrenali, zile tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo, kila moja ina gramu 4 au 5 hivi, nikadhani nimemaliza. Kumbe ndo nimechokoza! Barua zimekuja nyingi na karibu nusu zinauliza kitu kimoja, wameambiwa tezi itolewe na sasa hawajui waende kwa roboti au laparoskopi ya kawaida, yaani upasuaji wa matundu madogo ambao daktari anashika vifaa mwenyewe. Mimi ni daktari wa upasuaji, hizi tezi nimezitoa kwa njia zote mbili, kwa hiyo leo nazijibu hizo tu, zingine mnivumilie.

*Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 46, anatumia dawa za presha aina 4 na bado haishuki, potasiamu kila akipimwa iko chini. CT imeonyesha kauvimbe ka sentimita 2 kwenye tezi ya adrenali ya kushoto, wanasema itolewe. Hospitali tunayotibiwa wanafanya kwa laparoskopi. Ndugu zake wanataka tumpeleke kwenye roboti, wanasema ndo ya kisasa, ila gharama yake itabidi tuuze vitu. Naogopa tukichukua ya bei nafuu likatokea la kutokea lawama zote zitaniangukia mimi. Nifanyeje?*

Marahaba dada. La kwanza kabisa, msiuze kitu. Nalisema mapema kabla sijaanza maelezo marefu maana najua hofu hiyo ilivyo nzito. Kwa uvimbe wa sentimita 2, upande wa kushoto, laparoskopi mikononi mwa daktari aliyeizoea ni tiba kamili kabisa, mumeo hajapewa kitu cha daraja la pili.

Wengi wanadhani hizi ni njia mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi, wakati zote ni upasuaji wa matundu. Mgonjwa analazwa ubavu, tumbo linajazwa gesi ya kabonidioksidi ili pawe na nafasi, yanatobolewa matundu 3 au 4 madogo, inaingia kamera na vifaa vyembamba virefu, tezi inatafutwa, mshipa wake unafungwa na kukatwa, inatiwa kwenye kifuko na kuvutwa nje. Tofauti iko kwenye nani kavishika vile vifaa. Kwenye laparoskopi daktari amesimama pale pale kavishika kwa mikono yake na msaidizi anamshikia kamera, kwenye roboti daktari kakaa pembeni kwenye mtambo wake kainamia kioo, anachezesha vidole na mikono ya roboti inamfuatisha. Anaona kwa kina, yaani mbele na nyuma kama unavyoona kwa macho yako mawili, ncha za vifaa zinapinda kama kifundo cha mkono, na mkono wa daktari ukitetemeka kidogo mtambo unauchuja ule mtetemo. Ni raha kuifanyia kazi, nisikudanganye, shingo na mgongo wa daktari vinashukuru sana. Ila hiyo raha kubwa ni ya daktari, mimi nataka tuangalie mgonjwa anapata nini.

Laparoskopi ya tezi hii ilitangazwa mwaka 1992 na Michel Gagner na wenzake kule Montreal, Kanada. Kabla ya hapo mtu alikuwa anachanwa mchano mrefu tumboni au ubavuni, wakati mwingine hadi ubavu unaondolewa, anakaa wodini siku nyingi, na yote hayo kwa ajili ya kitu cha gramu 5! Ilipokuja laparoskopi mgonjwa akaanza kurudi nyumbani siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo ile hatua kubwa ya kumpunguzia mgonjwa maumivu ilishachukuliwa hapo. Roboti imekuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, imeikuta kazi nzuri tayari, ndo maana inapata shida kuonyesha imeongeza nini.

Na wamejaribu kupima. Mwaka 2004 kule Torino, Italia, Mario Morino na wenzake waligawa wagonjwa 20 kwa bahati nasibu, 10 laparoskopi 10 roboti, na roboti ikashindwa vibaya: wastani wa dakika 169 dhidi ya 115, na wagonjwa 4 kati ya 10 wa roboti ikabidi wamaliziwe kwa laparoskopi. Sasa tuwe wakweli, hiyo ilikuwa mitambo ya zamani na watu walikuwa wanajifunza. Baadaye, mwaka 2014, tafiti 9 zenye wagonjwa kama 600 zikaunganishwa, muda ukakutwa haupishani, kulazimika kubadili njia katikati hakupishani, roboti ikaongoza kidogo kwenye damu inayopotea na siku za kulazwa. Kidogo kiasi gani? Damu mililita 18 hivi, zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha chakula, na kulazwa pungufu ya nusu siku. Upande wa gharama, wenzetu wa Nancy, Ufaransa, walioangalia wagonjwa wao 100 wa roboti walikuta inazidi laparoskopi mara 2.3. Ndo maana nikakwambia msiuze kitu, kijiko cha damu na nusu siku haviuziwi shamba.

Sasa nikupe maswali ambayo ningekuwa wewe ningeenda nayo kwa daktari kesho. Muulize, umeshatoa tezi ngapi za hivi, na mwaka jana peke yake ulitoa ngapi? Usione aibu, daktari mzuri hachukii swali hilo. Kuna utafiti wa Marekani wa 2018 uliokuta matatizo yanapungua kwa madaktari wanaofanya angalau 6 kwa mwaka, na ukiangalia, madaktari wengi wanaozitoa hawafiki hata hapo kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni adimu. Ukinipa roboti mpya yenye daktari anayetoa tezi moja kwa mwaka na laparoskopi ya zamani yenye daktari anayetoa moja kila mwezi, ndugu yangu mwenyewe nampeleka kwa huyo wa pili bila kufikiri mara mbili.

Swali lingine, na hili kwangu ni zito kuliko yote: wamepima damu ya mishipa ya tezi zote mbili? Kuna kipimo wanapitisha mrija mwembamba kutokea kwenye paja hadi kwenye mshipa wa kila tezi, wanachota damu kulia na kushoto kujua aldosteroni nyingi, ile homoni ya tezi hii inayopandisha presha na kushusha potasiamu, inatoka wapi. Kwa umri wa mumeo kipimo hiki ni muhimu, maana CT inaonyesha umbo, haionyeshi nani anatoa homoni. Inatokea kauvimbe kako kushoto, kenyewe hakana neno, homoni inamwagwa na tezi ya kulia inayoonekana safi, au zote mbili. Mgonjwa wa namna hiyo nimemwona, katolewa tezi vizuri sana kwa njia ya kisasa kwenye hospitali moja, kovu hata halionekani, presha iko pale pale. Alilia ofisini kwangu na sikuwa na cha kumrudishia.

Na mjiandae kwa matokeo. Kwenye utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliotoka 2017, homoni ilirudi sawa kwa asilimia 94 ya waliotolewa tezi moja, lakini walioacha dawa za presha kabisa walikuwa asilimia 37, wengine karibu nusu walipunguza dawa au presha ikawa nzuri kwa dawa zile zile. Kwa hiyo mumeo akitoka na dawa moja badala ya 4, hiyo ni nafuu kubwa sana kwa moyo na figo zake, asije mtu akamwambia upasuaji umefeli.

*Daktari mambo. Hiyo roboti inajifanyia yenyewe? Umeme ukikatika katikati inakuwaje?*

Poa kijana. Haijifanyii chochote, daktari akitoa kichwa kwenye kile kioo mikono inasimama hapo hapo. Umeme ukikatika hospitali ina jenereta na mtambo una betri yake, na pembeni ya mgonjwa muda wote kuna daktari msaidizi amevaa na yuko tayari, ikibidi wanaitoa roboti wanaendelea kwa laparoskopi kupitia matundu yale yale. Kwa hiyo hata anayechagua roboti anahitaji timu inayoijua laparoskopi, na inayoweza kufungua tumbo haraka damu ikitoka.

Kitu kimoja ambacho watu hawakijui, kwenye roboti nyingi zinazotumika daktari hasikii mkazo wa nyama kwenye vidole, anakisia kwa macho, anaona uzi unavyokaza, nyama inavyobadilika rangi. Inazoeleka, ila inataka muda. Wale wa Nancy walisema mpaka mgonjwa wa 20 hivi ndo mkono unatulia.

*Shikamoo dokta. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nimekutwa na feokromositoma tezi ya kulia, sentimita 5. Nilijua ntafanyiwa wiki hii hii kwa roboti lakini wamenipa vidonge vya kunywa wiki 2 kwanza, vinanifanya nizibe pua na kizunguzungu nikisimama, na eti nile chumvi na maji mengi, wakati mimi mgonjwa wa presha! Nimeambiwa na jirani wananichelewesha tu. Nihame hospitali?*

Marahaba mdogo wangu, usihame! Hao wanaokupa hizo wiki 2 ndo watu wanaojua wanachofanya, kaa hapo hapo.

Ngoja nikuonyeshe kinachotokea mle ndani. Upande wa kulia tunalisogeza ini juu, halafu tunatafuta. Tezi ina rangi ya njano iliyokolea, kama kiini cha yai la kienyeji, na mafuta yaliyoizunguka ni njano iliyopauka, kwa hiyo ukishaizoea inajitenga yenyewe machoni. Uvimbe wa feokromositoma umejaa adrenalini na noradrenalini, homoni zinazobana mishipa na kupandisha presha. Ukiugusa tu, kuugusa kwa upole, zinamwagika kwenye damu, na daktari wa usingizi kule kichwani anaona presha inaruka kutoka 130 kwenda 240 wakati mimi sijakata kitu bado. Anasema "acha", naacha, nainua mikono, tunasubiri dawa kwenye dripu ishushe, naendelea, inaruka tena. Halafu nikifunga ule mshipa na homoni zikakatika ghafla, inaporomoka, 70, 60, sasa anakimbizana kuipandisha. Yote hiyo ndani ya saa moja na nusu. Moyo ambao haujaandaliwa unaweza kusimama hapo.

Vile vidonge vinafunga njia ambazo hizo homoni zinapitia kubana mishipa. Mishipa ikilegea, mwili wako ambao umeishi umebanwa muda mrefu unakuwa na maji machache kuliko nafasi iliyopo, ndo chumvi na maji vinakuja kujaza, siku 7 hadi 14 kwa kawaida. Pua kuziba na kizunguzungu ukisimama vinatuambia dawa imeshika, mwambie daktari wako na uinuke taratibu, ila usiache. Na usikubali mtu akuanzishie dawa ya kushusha mapigo ya moyo kabla ya hizo, hiyo inakuja baada, ikitangulia presha inaweza kulipuka.

Kuhusu roboti kwa upande wako, hapo sitaipuuza. Kulia ni pagumu zaidi kuliko kushoto kwa sababu ya mshipa mmoja. Kushoto mshipa wa tezi ni mrefu unashuka kuingia mshipa wa figo, una nafasi ya kuweka klipu zako, vile vibanio vya kufungia mshipa, kwa raha. Kulia ni mfupi, mara nyingi hata sentimita 1 haufiki, na unaingia moja kwa moja ubavuni mwa ule mshipa mkubwa kabisa unaorudisha damu kwenye moyo, nyuma ya ini. Ukiuvuta vibaya ukachanika pale ulipoingilia, damu inajaa skrini yote. Sehemu hiyo finyu ndo vifundo vya roboti na kuona kwa kina vinanisaidia mimi kama mimi, na vinasaidia pia kwa mtu mnene sana au uvimbe mkubwa kiasi, ambako kwenye laparoskopi ile mipini mirefu inaanza kupigana. Kwa hiyo kama hospitali yako inayo, daktari kaizoea na haikuumizi mfukoni, ichukue. Kama hawana na wanafanya hizi kwa laparoskopi kila mara, lala usingizi. Mradi wiki 2 zitimie.

Umri wako pia unanifanya niseme jambo lingine, omba kipimo cha vinasaba. Karibu thuluthi ya wenye ugonjwa huu wameurithi, na ukiwa umerithi, tezi ya pili nayo inaweza kuota uvimbe siku za mbele. Watu wa namna hiyo tunajitahidi kukata uvimbe peke yake na kubakiza kipande cha tezi hai ili wasije wakaishi kwa vidonge maisha yote, na kazi hiyo ya kuchonga na kubakiza ni mojawapo ya zile ambazo roboti inapendeza kweli.

*Daktari, mimi nimeambiwa watapitia mgongoni. Nina makovu mawili makubwa tumboni ya upasuaji wa zamani. Mbona wengine wote wanapitia tumboni, au wanataka kunijaribia?*

Hawakujaribii. Njia ya mgongoni ilikuzwa sana na Martin Walz kule Essen, Ujerumani, tangu miaka ya 1990. Unalazwa kifudifudi, magoti yamekunjwa, matundu 3 chini ya ubavu wa mwisho, wanaingia nyuma moja kwa moja kwenye tezi bila kugusa utumbo wala ini wala yale makovu yako ambayo ndani yake utumbo unaweza kuwa umegandamana. Kwa mtu kama wewe ningeichagua hata mimi, na kwa anayetolewa tezi zote mbili ni nzuri zaidi maana hageuzwi katikati ya kazi. Ubaya wake nafasi ni ndogo, uvimbe ukizidi sentimita 6 au 7 inakuwa shida, na mtu mwenye mafuta mengi mgongoni anaweza asifae. Inafanyika kwa laparoskopi na kwa roboti pia, ila kwa uvimbe mdogo kule nyuma ni karibu sana na ngozi, sioni roboti inaenda kusaidia nini.

*Baba yetu ana uvimbe wa sentimita 11 kwenye adrenali, madaktari wanahisi ni saratani, wanataka kumfungua tumbo. Sisi watoto tumekataa, tunataka roboti, ana miaka 61 hatutaki ateseke. Tunaomba sauti yako itusaidie.*

Poleni sana. Sauti yangu iko na hao madaktari, na naomba mnisikilize vizuri. Saratani ya ganda la tezi hii ni adimu mno, mtu 1 au 2 kwa milioni kwa mwaka, na nafasi kubwa ya mgonjwa ni ule upasuaji wa kwanza ukitoa kila kitu kikiwa kizima. Uvimbe wa sentimita 11 ni mlaini, unapasuka kama nyanya iliyoiva, na ukipasuka ndani mbegu zake zinatawanyika tumboni kote, hapo hakuna mtambo utakaozikusanya. Kwa mkubwa hivyo na wenye kushukiwa, mchano mrefu unampa daktari mikono yake yote miwili, anaweza kutoa na mafuta yaliyouzunguka, tezi zake za limfu, hata figo au kipande cha ini kama umeshikana. Maumivu yapo, yanatulizwa, kovu litapona. Na msikubali uvimbe uchomwe sindano ya kuchukua kipande kabla hapajakaa kikao cha wataalamu, wa homoni, wa upasuaji na wa saratani, maana sindano yenyewe ina hatari ya kuzitawanya.

Waulizeni tu madaktari kama baba amepimwa homoni zote, na kama anayemfungua amewahi kutoa za hivyo. Nawaombea, mnajua, nimewahi kukaa upande huo wa benchi na baba yangu mwenyewe.

*Dada yangu alitolewa tezi moja kwa roboti miezi 2 iliyopita sababu ya kotisoli nyingi, alikuwa amevimba uso na mgongo. Matundu yamepona kabisa hata hayaonekani ila yeye ni mchovu, viungo vinauma, analia lia, hataki kula. Tulitegemea angekuwa mzima. Roboti ilimharibu kitu?*

Hapana, na nafurahi umeandika maana hili huwa hawaelezwi. Ile tezi iliyotolewa ilikuwa inamwaga kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili msongo na magonjwa, nyingi mno kwa muda mrefu, ile nyingine ikaona haina kazi ikalala. Sasa mgomvi kaondoka na aliyelala hajaamka, inaweza kuchukua miezi 6, mwaka, wakati mwingine zaidi. Katikati hapo anaishi kwa kidonge cha haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, na mwili uliozoea kotisoli ya kupindukia unaona kiwango cha kawaida kama njaa, ndo hayo maumivu ya viungo na machozi. Ingekuwa hivyo hivyo kwa laparoskopi, ingekuwa hivyo hivyo kwa mchano mrefu.

Cha haraka: angalia leo hii kama anazo dawa zake na anazinywa. Kuna wagonjwa wanaona matundu yamepona wanaacha vidonge wenyewe, na hiyo inaua. Akiwa na homa dozi inazidishwa mara mbili au tatu kama alivyoelekezwa na daktari wake, akitapika kidonge hakikai, akawa anaishiwa nguvu au presha inashuka, anahitaji sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri asubuhi. Awe na kadi kwenye pochi iliyoandikwa kwamba anatumia steroidi (ndo hiyo haidrokotisoni) na hatakiwi kukatishwa ghafla, ili hata akianguka njiani anayemwokota ajue. Na hiyo kutokula unayoniandikia, pamoja na uchovu, inanitia wasiwasi kidogo, mpeleke wiki hii wapime kotisoli ya asubuhi na chumvi za damu, mwende na vidonge vyote anavyotumia mkononi.